Yule wa Samaki

Siku ya kwanza niliagiza samaki.
Kibanda kizima, pale Majengo nyuma ya soko, kikanyamaza.
Kijiko cha fundi cherehani kikabaki hewani.
Mama Sechelela akanipima kuanzia viatu kwenda juu:
"Baba, umeshuka leo?"
Ndipo wakacheka, wakacheka mno,
hata mmoja supu ikampalia, akapigwa mgongoni.

Nikaletewa mlenda.
Sikujua kwamba mlenda una adabu zake,
kwamba tonge la uwele huchovyi tu ukavuta:
unalizungusha, unaukata uzi kwa kidole,
unameza kabla haujabadili mawazo.
Mimi niliuvuta.
Ukanifuata hadi kwenye tai.

Ofisi ilikuwa imenihamisha, mafaili yakitangulia,
mshahara ukabaki njiani wiki saba.
Chumba changu Chang'ombe kilikuwa na godoro, ndoo,
na upepo wa Agosti, ule unaokula nawe,
unaokuachia chenga kwenye wali
ukiuma unadhani umetafuna ufunguo.

Kwa Mama Sechelela nikala kwa daftari.
Daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Hakuniuliza jina. Hakutaka kitambulisho.
Aliandika kwa kalamu iliyofungwa uzi,
akaendelea kupakua.

Jumamosi moja yule fundi, Chilewa, akanipeleka mnadani Msalato.
Vumbi, mbuzi, mitumba, dalali mwenye sauti ya bati.
Swalehe, Mrangi wa Kondoa, alikata mbavu kwa panga
juu ya gogo lililobonyea katikati kama kitanda cha kamba;
chumvi kwenye gazeti, pilipili kwenye kifuniko cha ndoo.
Tulikula tumesimama, mafuta yakishuka hadi viwikoni.
Sijawahi kukaa mezani nikashiba namna ile.

Jioni, baa ya Makole, viti vya plastiki,
Chilewa akaagiza mvinyo wa Hombolo,
ukamiminwa kwenye glasi za chai.
"Zabibu hizi nimezichuma," akasema, "zamani, kwa kibarua.
Ndoo nzima ilikuwa chini ya bei ya glasi hii."
Akanywa polepole,
kama mtu anayerudishiwa chenji.

Mshahara ulipoingia nikaenda kulipa.
Mama akalamba kidole, akafunua.
Nikachungulia majina:
Mwalimu wa Darasa la Nne. Kipara Mdogo. Mjane wa Reli.
Asiyesalimia
(huyo ni bosi wangu; alikuwa anadaiwa maandazi).
Na mimi, kurasa tatu na nusu:
Yule wa Samaki.

"Mama, mimi naitwa Mfaume Lipande."
"Hilo la ofisini," akasema,
akipiga mstari juu ya deni.

Miaka sita sasa.
Mlenda naukata huku nikisoma gazeti,
"mbukwa" naitikia kabla sijafikiri,
Chilewa kahamia Ihumwa na cherehani yake,
kibanda kimepata bati jipya na taa ya sola.
Jina halijafutika.
Watoto wa jikoni waliozaliwa juzi wananiita hivyo hivyo,
wala hawajui kwa nini.

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Mtera.
Pale bwawani nikanunua perege wanne,
nikawalaza kwenye barafu na magunia,
nikaja nao moja kwa moja hadi jikoni kwake.
Hakusema kitu. Aliwakaanga kwa mafuta mengi mno,
akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.
Sijawahi kumwona akikaa.
Akala kwa mashaka, akitoa mwiba mmoja mmoja,
akiipanga ukingoni mwa sahani kama sindano za fundi.

"Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unatafuta siku ile?"
"Hiki, mama."
"Kina kazi."

Akanawa. Akafunua daftari, ukurasa mpya,
akaandika, akanisogezea nisome:
Mama Sechelela, perege mmoja. Anadaiwa.

Bei hajaijaza mpaka leo.