Sekunde Tano

Majina kumi na mawili, mstari kwa mstari:
Nabintu wa sambaza, Cibalonza wa makala,
Mama Faida, Ntakwinja asiyesahau deni,
na la mama yangu, Nsimire.

Programu yenyewe ndogo. Dirisha moja,
kitufe kimoja cha kijani: CHAGUA.
Niliiandika usiku, Kadutu imelala,
umeme ukija saa saba
na kuondoka kabla ya alfajiri bila kuaga.

Mara ya kwanza ilijibu upesi mno.
"Hiyo haijafikiri," alisema Ntakwinja.
Basi nikaifundisha kuchelewa: sekunde tano
majina yapite mbio kwenye kioo,
wapate muda wa kushika rozari.
Huo ndio uongo pekee nilioutia humo.

Jumapili likelemba ikakaa. Nikabofya.
Yakazunguka, yakapunguza mwendo, yakasimama:
Nsimire.

Hakuna aliyepiga kigelegele.
Cibalonza alikohoa. Mama akafunga kompyuta
kwa kiganja, polepole, kama anayefunika sufuria,
akaomba kopo la maziwa na vikaratasi vya zamani.
Pesa ikaenda kwa Faida.

Usiku nikaziondoa zile sekunde tano,
nikabofya mara elfu moja na mia mbili,
nahesabu. Kila mama karibu mia.
Ntakwinja mia moja na nne.
Nsimire tisini na saba.

Nikasimama mlangoni, daftari mkononi.
Mama alikuwa anachambua maharage ya kesho.
"Najua," akasema, hakuinua macho.
"Sogeza taa."