Kozi Mbili za Juu

"Ondoa kozi mbili," anasema Sulayyim,
na kidole chake kinene kinaifunika dari yote
kwenye ramani iliyonikesha.
"Ukuta wa magotini unanitosha.
Nikikaa na kahawa yangu
nataka niuone mlima, si matofali."

Mlima upo, sikatai.
Hapa Ibra mlima hauna pa kwenda,
ukitoka upo, ukirudi upo,
saa kumi na moja jioni una rangi
ya ganda la komamanga lililokauka.

Ila mimi nikiitazama dari naona watu.
Namwona Rafikul, kapanda mwezi wa saba
kuziba tangi linalovuja,
anarudi kinyumenyume, bomba begani,
macho yako kwenye maungio
na kisigino hakina macho.
Naona magodoro, usiku umeme umekatika,
na mtoto aliyeamka nusu,
anatafuta choo, anafuata upepo.
Naona dishi lililogoma katikati ya mpira,
na kijana aliyeapa kulinyoosha kabla ya mapumziko.

Hakuna kati yao
aliyepanda kutazama mlima.

Juzi nilipita nyumba ya bibi, mtaa wa udongo.
Paa limeshukia chumbani, mlango wameuza,
lakini ukuta wa dari umesimama,
umenipita kimo,
na vitundu vyake vyembamba bado vinapitisha upepo.
Waliujenga kwa ajili ya stara:
wanawake walale bila mtandio,
jirani asione nywele ya mtu.
Kuanguka hakukutajwa.
Na kwa miaka yote ile, nimeuliza,
hakuanguka mtu.

Kusitiri ni kuficha.
Kusitiri ni kulinda.
Neno ni moja, halijawahi kugawanyika;
tuliogawanyika ni sisi,
tulipoanza kuhesabu bei ya tofali.

Basi nampa Sulayyim mlima wake.
Namchorea uwazi mrefu pale atakapokaa,
nondo za wima, nafasi isiyofika upana wa ngumi,
bila ya ulalo hata mmoja,
maana mguu mdogo ukiona ulalo huona ngazi.
Tangi nalivuta katikati, na viyoyozi pia.
Ngazi itokeze mbali na ukingo,
anayechomoza gizani apate hatua za kuzinduka.
Juu ya ukuta naweka mteremko.

"Na huu wa nini?"
"Asikae mtu. Isiwekwe hata bilauri ya chai."

Ananyamaza.
Mkono wake wa kulia unaushika wa kushoto,
pale kwenye kifundo, ambapo mfupa
uliunga upande.
"Nilikuwa na miaka sita," anasema.
"Chini palikuwa na rundo la majani ya mbuzi."

Sisemi kitu. Sote wawili tunajua
chini ya nyumba yake mpya pana nini:
saruji, na gari lake jeupe,
na saruji tena.

Anatoa simu, anapiga hesabu,
matofali mia tatu, mchanga, mafundi wa siku mbili,
midomo inacheza kama mtu anayesoma uradi.
Kisha anakuna ndevu:
"Haya. Ondoa kozi moja."

Natabasamu. Namjazia kikombe.
Kifutio kimo mfukoni mwangu
tangu asubuhi.