Kifungo

Konde, msimu wa karafuu,
kituo cha kununulia chenye mizani mbili na feni moja.
Bi Mize Shaame alikuwa akipangusa vumbi la vikonyo juu ya kipanya
kwa ncha ya mtandio,
na kidole, bila ya nia, kikabonya msalaba
ule wa pembeni juu.
Dirisha likafumba.
Watu kumi na saba, gunia arubaini na moja,
asubuhi nzima ya majina na uzito
ikenda kama haikuandikwa.

Akanipigia Wete. Hakuamkia.
"Weye ndiye uliyeifanya programu hii?
Basi kitoe hicho kimsalaba.
Miye sikukiomba."

Usiku nikakaa. Umeme ulikuwapo, kwa bahati.
Nikaandika mistari mitatu:
dirisha hili lisifungike,
lisikuzwe,
lisivutwe kwa pembe.
Nikalala na fahari ya fundi aliyemaliza misumari.

Lakini programu yangu moja hulala nyumba tatu.
Konde, kwenye Windows kuukuu, ilitii:
msalaba ulipauka, ukabaki kivuli cha kitufe.
Chake, kwa mhasibu, kwenye Mac iliyoachwa na mradi,
vitufe viko kushoto, vya duara, kama shanga tatu;
nyekundu ikafa rangi, kijani nayo,
na mhasibu akauliza nani kalitoboa macho dirisha lake.
Na kwangu, kwenye Linux niliyoipakia kwa mkono wangu,
meneja wa madirisha alinisikiliza mpaka mwisho
kisha akafanya alilotaka.
Kumbe amri yangu ilikuwa ombi.

Siku ya tatu ukaingia ujumbe, umetiwa vina.
Bi Mize hufanya hivyo akikasirika kweli:

    Umenitia kifungo, dirisha halivutiki,
    nimeinama mgongo, na bado hazisomeki,
    kilo zapita mlango, nambari hazishikiki,
    fungua huo mpango, au kazi siandiki.

Nikausoma mara mbili, nikakwama pale pale, neno la tatu.
Nilidhani nashughulika na kitufe.
Kumbe nimemfunga mtu
ambaye miwani yake ilivunjika tangu Mfunguo Mosi,
ambaye kila asubuhi hushika pembe ya dirisha
akalivuta hadi ukingo wa kioo,
herufi zikanenepa, akaanza kazi.
Sikujua. Sikuwahi kukaa kwenye kiti chake.

Nikaazima pikipiki ya Faki, nikenda kukaa.
Kiti kina mguu mfupi. Jua la saa nne hupiga skrini
upande wa kulia, penye uzito hasa.
Hapo hapo, vumbi likinipiga chafya, nikaanza kufungua:
upana uvutike, urefu uvutike,
ila lisipungue kuliko jina refu kuliko yote kitabuni,
na hilo ni la Bikombo Khatib Mwinyi Hamad wa Msuka,
ambaye alinitazama kwa mashaka nilipompima kwa herufi
badala ya kilo.

Msalaba nikaurudisha mahala pake.
Nikaufundisha adabu tu.
Kwetu mgeni haondoki kimya, huaga.
Sasa ukibonywa, kabla ya kufumba macho husema:
"Bi Mize, watu wanne hawajahifadhiwa. Niende?"
Chini yake Ndiyo, na Hapana.
Hapana ndiyo inayongoja kidole.

Aliubonya mara tano, akiukatalia mara tano,
kama anayemnyima mtoto ruhusa kwa raha tu.
Mara ya sita akanigeukia:
"Na feni je, huiwezi?"

Mac ya Chake imerudishiwa macho.
Linux yangu bado haisikii.
Hata sasa nikiandika haya dirisha limejikunja,
Bikombo amebaki Bikombo Kha,
nami nalishika pembe, navuta.