Barafu Juu ya Jicho

Asubuhi mama hufuma shali, mishono mia mbili bila kuhesabu.
Saa tisa, giza la Haapsalu likiingia,
sindano zimemlalia mapajani
na ukope wa kushoto umeshuka
kama mlango wa duka lililofilisika.

"Umechoka tu, Hilja," tulimwambia majira matatu ya baridi.
Tulimwambia hivyo hata supu ilipomtokea puani.

Daktari kule Tartu hakubishana.
Alifungua dirisha, akavunja barafu iliyoning'inia,
akaifunga kwa leso, akaiweka juu ya jicho.
Dakika mbili.
Ukope ukapanda.
Mama akanitazama kwa macho yote mawili, akacheka upande mmoja.

Neva bado inatuma, daktari akasema,
na msuli bado unataka.
Kati yao pana mwanya, mwembamba kuliko uzi wowote wa shali,
na askari wa mwili wake mwenyewe wamesimama mlangoni
wakirudisha wajumbe.

Kikulacho.

Sasa ana vidonge, na saa inayolia wakati wa kuvimeza.
Shali haijaisha. Kona moja ina mishono iliyoruka;
hataki niifumue.
"Hapo," anasema, "niliuita mkono, haukusikia."