Ukungu, Nje na Ndani

Skipton, Novemba. Ukungu umelala juu ya mfereji,
na ukungu mwingine umeota nyuma ya godoro.
Wa nje namwachia Mungu.
Wa ndani naupiga siki, mswaki mkuukuu mkononi, goti moja chini,

maana boti hii nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili,
na vumbi ukilifagia linakuuliza liende wapi.

Leo nimeinua mbao za sakafu.
Maji meusi, harufu ya dizeli, masizi,
na kibanio cha nywele cha Batuli,
aliyeshuka mwezi wa Machi akisema
humu hata pa kununia hapana.

Nimekisugua kikang'aa.
Nimekausha chini, kavu kabisa.
Kisha nikakirudisha palepale, nikafunga mbao.