Wido wa Darajani

Mtukufu kaagiza
nasaba kumtengeza,
kwa dhahabu kuikuza,
itoke Troya mjini.

Nilishika taa yangu,
wino wagandia chungu,
theluji nje, na ukungu,
nikazama kabatini.

Nikaukuta waraka,
ngozi yake imechoka,
jina moja likatoka:
ni Wido wa darajani.

Hakuwa na ngome, bwana;
mnyororo tu na mwana,
usiku hata mchana
wakiuvuta njiani.

Mwenye chumvi hupunguza,
mwenye mbuzi humsaza,
mbishi humtumbukiza
kwenye barafu ya Rini.

Mwanawe akanunua
kinu, shamba, na kujua
kusoma; mjukuu kachukua
nembo ya tai vitani.

Tai huyo, nyote leo
mwamwinamia kwa vyeo,
alichanwa toka nguo
ya maiti matopeni.

Nikacheka, nikakoma:
mlangoni kasimama
karani mwenye heshima
na mfuko mkononi.

Ngozi nikaikwangua,
Troya nikaichanua,
fedha nikaipokea;
mnisamehe, mbinguni.

Ila ngozi ina lake:
ishike, mwanga uwake,
taratibu aibuke
Wido, yungali kazini.