Amina ya Kivukoni

Anakleti, leo zamu imeangukia kwa Mama Dedi.
Mwenyekiti alipotangaza
watu waliziangalia rozari zao kana kwamba punje zimepungua.
Miaka sita nimeshikwa na homa kila zamu yake ikifika.
Leo homa imenikimbia.

Saa kumi na mbili kasoro, Segerea bado inapiga miayo.
Nimejifunga kitenge cha WAWATA,
nimepita kwa fundi mageti, kwa muuza mkaa,
nimepita pale. Unapajua pale.
Duka lile siku hizi linauza vocha na nepi.
Mlinzi wao kijana, amelala kidevu kifuani.
Nimemwacha alale.
Wewe hukulala. Ndilo kosa lako pekee
lililosomwa mahakamani.

Nikuambie jambo ambalo hata padri sijamwambia.
Siku ile Kivukoni, jaji aliposoma
kwamba atanyongwa mpaka afe,
mimi niliitika: Amina.
Kwa sauti, kama mtu anayepokea Mwili wa Bwana.
Karani akanyanyua kichwa.
Mama Dedi hakunyanyua.

Sebule yake ndogo. Mkeka, viti vya kuazima,
Moyo Mtakatifu ukutani, na chini yake picha ya kipaimara:
Dedi, shati jeupe, mshumaa mkononi, masikio makubwa.
Masikio yale niliyachukia kizimbani mwezi mzima.
Kumbe ni ya mtoto.

Mada ya Kwaresima, katekista Prosper alikuja nayo kwenye karatasi.
Akasoma kwamba Kanisa sasa linafundisha
adhabu ya kifo haikubaliki,
kwa kuwa heshima ya mtu haimtoki
hata akitenda ovu lililo kubwa.
Mzee Liberati, magereza mstaafu, akakohoa.
"Seminari tulifundishwa vingine.
Kiungo kilichooza hukatwa, mwili upone.
Wakati ule Roho Mtakatifu alikuwa likizo?"
Watu wakacheka kidogo,
kisha wakakumbuka tupo nyumba ya nani.

Prosper akasema kweli haikui, yanayokua ni macho yetu;
zamani hapakuwa na pa kumzuia muuaji,
leo ukuta wa Ukonga unatosha.
"Ukuta huo nimeulinda mimi," Mzee akasema, sasa polepole.
"Mle aliyehukumiwa hakai. Anangoja.
Kufuli likilia alfajiri, anakufa.
Kisha analetewa uji.
Kesho tena. Na hiyo mnaiitaje?"
Hakuna aliyemjibu. Karatasi ya Prosper ilikuwa imekwisha.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye kiungo.
Wewe ndiwe uliyekatwa kwangu,
na hukuwa umeoza.
Wakikata na kingine, nitaota mkono?

Yakafika maombi.
Mama Dedi ana ombi moja, wanasema hajalikosa hata Jumamosi moja,
hata zile za homa yangu:
"Kwa ajili ya marehemu Anakleti."
Mwanawe hamtaji.
Anamficha Mungu asimwone, au anatuficha sisi.
Wote wakaitika, Ee Bwana utusikie.
Pakawa kimya. Jirani anafua, unasikia maji.
Nikafungua mdomo. Jina likakwama
kama mwiba wa perege.
Nikasema,
"Na kwa anayengoja uji."

Sauti haikuwa ile ya Kivukoni.
Ilikuwa ndogo, Prosper alidhani nimekohoa.
Mama Dedi alisikia. Hakulia, hakunishika mkono,
alikwenda jikoni, tukasikia vikombe vinagongana
muda mrefu kuliko vikombe vinavyohitaji.

Sijasamehe, usije ukanidhania.
Nilichotaka ni ile Amina irudi, nami nimerudishiwa robo.
Chai yake ina tangawizi kali. Niliimaliza.

Jumamosi ijayo zamu ni yetu.
Viti tunavyo vinne, cha nne ni chako,
na tangu uondoke hakijakaliwa.
Jioni hii nimekifuta vumbi.